Sheria ya Meli

Mdogo wangu Bwire alinipigia simu Jumapili moja, nikiwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka kanisani na sijavua hata kitambaa cha kichwa, kunieleza kwamba yeye na mke wake wamejiandikisha kwa likizo ya siku saba ndani ya meli. Ni zile meli kubwa zenye mabwawa ya kuogelea na kumbi za sinema, zinazozunguka baharini na kumrudisha mtu pale pale alipopandia. Walikuwa wamepata tatizo. Meli ina chumba cha kulelea watoto, chenye wanasesere na walezi waliosomea kazi hiyo, lakini mtoto ambaye bado anavaa nepi hapokelewi humo, wala haruhusiwi kutia mguu kwenye bwawa. Mwanawe ametimiza miaka mitatu na haoneshi dalili yoyote ya kuacha. Zimebaki wiki tatu. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba namba ya fundi bomba, "Dada, mimi ulinifundishaje?"

Kabla ya kumjibu nilimwuliza kama sheria hiyo ameiona kwa macho yake, imeandikwa, au ameambiwa tu na mtu. Alicheka, akidhani ni utani wa dada mkubwa. Nilimwambia sitanii, anitumie. Akanitumia, nami nikaisoma mara tatu hapo kwenye kibaraza changu cha Nyasura, na kweli ilikuwepo, kwa maneno yasiyo na mlango wa kutokea. Msichana anayenisaidia kazi alikuwa uani akimwagia maji majivu ya jiko, na ile harufu ya majivu yaliyolowa, nzito, kama ya mvua iliyonyesha mahali palipoungua, ilipanda hadi nilipokaa. Pamoja nayo ikapanda hasira niliyodhani nimekwisha kuizika. Kwa mtu wa umri wangu, mwenye shahada na mvi, ni aibu kidogo kukiri kwamba bado ninakasirishwa na mkojo wa mtoto uliomwagika nikiwa na miaka tisa. Nakiri.

Tulikuwa tunakaa Kamunyonge, Musoma, katika nyumba ya vyumba viwili aliyopewa mama kwa sababu ya ualimu wake. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, akarudi nyumbani kila mwisho wa mwezi, lori likipatikana. Ilikuwa miaka ile ambayo watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi, ukagawanywa kwa kaya nne, na mtu aliyeonekana na shati jeupe lililotakata aliulizwa kwa upole anamjua nani. Tulipiga mswaki kwa chumvi na tukafulia majani ya mpapai. Na katika miaka hiyo, kati ya miaka yote, Bwire aliona ni vema akatae kabisa kuacha kujikojolea.

Winda zake zilikatwa kutoka kwenye mifuko ya unga wa njano, na herufi za nchi ya mbali zilionekana bado juu ya makalio yake. Mwenye kuzifua nilikuwa mimi. Nilizibeba ziwani kwenye beseni, nikazisugua kwa majani ya mpapai hadi vidole vikawasha, nikazianika juu ya mawe, na nilipofika nyumbani nilimkuta mwenyewe ameshalowanisha nyingine. Hakuwa mtoto mtundu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alifanya mambo yake kwa utulivu mkubwa, amesimama, macho ameyatupa mbali, kama mzee anayesikiliza taarifa ya habari.

Siku mama alipotueleza habari za Mwanza alikuwa anasahihisha madaftari. Alikuwa amepata nafasi ya mafunzo ya wiki sita wakati wa likizo ndefu, mafunzo ambayo yangempandisha daraja, na tungefikia kwa mama mdogo. Yeye angekwenda darasani, mimi ningeshinda na Bwire. Mabasi yalikuwa hayana mafuta, kwa hiyo tungekwenda kwa meli. Nilikuwa sijavuka Bunda maishani mwangu. Nilikuwa nimesikia kwamba huko kwa mama mdogo mtu anapanda ngazi ndani ya nyumba, na kwamba barafu za rangi zinauzwa mpaka kwa watoto walio peke yao. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nguo nitakayovaa mama aliposema, bila kuinua uso kutoka kwenye madaftari, kwamba kuna jambo moja.

"Meli ina sheria. Mtoto asiyejua kwenda chooni haruhusiwi kupanda, nahodha mwenyewe anakagua. Bwire asipojua mpaka siku hiyo, mtabaki wote wawili kwa bibi, Butiama. Nitakwenda peke yangu."

Nilimtazama Bwire. Alikuwa amesimama mlangoni, na mbele yake kijito kilikuwa kinatafuta njia kuelekea kwenye mkeka. Alikitazama kwa fahari ya mtu aliyegundua chanzo cha Mto Mara. Nilielewa siku hiyo kwamba Mwanza yangu yote, ngazi zake na barafu zake, imefungiwa ndani ya kibofu cha mtu asiyeweza hata kutamka jina langu sawasawa.

Mama alitupeleka Butiama kwa wiki moja ili bibi aanze kazi. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa amelea watoto tisa na hakuwahi kuona nepi dukani. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu, na mengi alinifundisha kwa vitendo. Alikaa chini nyuma ya nyumba, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, akamwaga majivu makavu kati ya nyayo, kisha akamketisha Bwire juu ya vifundo vya miguu yake, wakitazamana, mtoto ameshika magoti ya bibi kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mikono. Akapuliza hewa taratibu kupitia meno. Halafu akanyamaza. Kuku walipita. Jua lilisogea. Mimi niliyekuwa nimechuchumaa pembeni nilianza kuhema kwa nguvu ili wajue kwamba muda unakwenda, na bibi, bila kugeuka, akaniambia jambo ambalo sikulielewa hadi nilipokuwa nimeshaliharibu.

"Mtoto hasikiagi mdomo. Anasikiaga miguu. Miguu yako ikitetemeka, anajua una haraka, anafunga."

Bwire alifungua. Bibi aliyazoa majivu yaliyolowa kwa kipande cha kibuyu, akayatupa migombani, na wala hakusifu, kana kwamba mtoto ametimiza tu ahadi waliyokwisha kuwekeana. Siku ya nne alinipa zamu, akanionesha jinsi ya kulegeza magoti. Siku ya sita Bwire alinifuata mwenyewe akinivuta gauni. Niliporudi Kamunyonge nilijiona mganga.

Nilichokuwa sijakifahamu ni kwamba sikuwa nimemfundisha Bwire kwenda chooni. Nilikuwa nimemfundisha kukaa juu ya miguu yangu, mbele ya majivu. Choo chetu cha shimo hakukitaka hata kwa kubebwa. Miguu ya mama hakuijua, maana mama alikuwa kazini tangu asubuhi. Alinitaka mimi. Nikiwa katikati ya mchezo wa rede, zimebaki pointi mbili timu yangu ishinde, niliitwa. Nikiwa foleni ya unga, niliitwa, na niliporudi nafasi yangu ilikuwa imekwenda. Majirani walishauri tumtwike mkeka wake uliolowa, apitishwe nyumba hadi nyumba aimbiwe na watoto wenzake, na nakiri kwamba ushauri huo ulinivutia. Mama aliukataa. Nilijaza majivu kwenye kopo kubwa la mafuta ya kupikia, nikalifunga kwa kipande cha kaniki, na kulificha chini ya kitanda kama akiba ya safari. Sikumwambia mama. Yeye aliuliza kila jioni kama mtoto amejua, nami nilijibu amejua, na kwa namna fulani lilikuwa jibu la kweli.

Kisha, siku tatu kabla ya safari, Bwire akaanza upya. Mara tatu kwa siku moja alijilowanisha, ya mwisho juu ya gauni langu la kusafiria, ambalo nilikuwa nimelifua kwa kipande cha sabuni halisi nilichopewa kwa ajili hiyo tu. Nilimketisha kwenye kizingiti. Mbele ya mji wetu, majini, kuna mawe makubwa ambayo ndege weusi wa ziwa, wale mnandi, hushinda juu yake wamekunjua mbawa. Nilimwonesha kwa kidole. Nilimwambia kwamba mtoto anayejikojolea kwenye meli, nahodha anasimamisha meli na kumweka pale, juu ya jiwe, na meli inakwenda zake. Bwire aliyatazama mawe kwa muda mrefu. Aliniuliza kama wale weusi ndio watoto wenyewe.

"Ndiyo," nikasema.

Kuanzia saa hiyo hakujilowanisha tena. Nilifurahi kama mjinga.

Asubuhi ya safari baba alikuwa amekuja kutoka Bunda kutusindikiza, na alikuwa amemletea mama viatu. Vilikuwa viatu vyeusi vya ngozi, vyenye kisigino kifupi, alivyovipata kwa mgao wa kiwandani baada ya jina lake kukaa kwenye orodha tangu msimu wa pamba uliopita. Mama alivivaa palepale, akatembea hatua nne ndani ya nyumba, akageuka, akatembea nyingine nne. Angeingia navyo darasani Mwanza, kati ya walimu wa mikoa yote. Nilimwona akiviangalia njia nzima hadi bandarini, akikwepa matope kama paka.

Bandarini mizigo ilikuwa inapekuliwa. Siku hizo mtu akibeba kitu kisichoeleweka alihesabiwa mlanguzi kwanza, mengine baadaye. Askari alifungua begi letu, akatoa kanga za mama, akatoa vitabu, akatoa kopo. Alilifungua na kuchungulia, akaingiza kidole, akakitazama.

"Mwalimu, haya ni nini?"

Mama alitazama kopo kama ambaye hajawahi kuliona, na kweli hakuwa amewahi. Akanitazama mimi. Niliangalia chini.

"Majivu," akasema mama.

"Nayaona. Mwanza hawapikagi, hawana majivu yao?"

Foleni yote ilicheka. Askari hakucheka. Kulikuwa na habari za watu wanaotoa dhahabu Buhemba na kuipitisha kwa kila hila, ndani ya ugali, ndani ya maboga, na mimi nadhani kwa dakika moja yule bwana alijiona amekamata kubwa la mwaka. Alilipindua kopo juu ya sakafu ya gati, akayapangua majivu kwa ncha ya buti, taratibu, na upepo wa ziwa ukayachukua mbele ya macho yangu, wiki nzima ya mafiga yetu. Hakukuwa na dhahabu. Akamrudishia mama kopo tupu.

"Nenda, mwalimu. Majivu ni majivu."

Tulipopita, mama aliniuliza kwa sauti ya chini yalikuwa ya nini. Nilisema ya kusugulia sufuria za mama mdogo, maana hatuna sabuni ya kupeleka. Mama alinishika bega. Nadhani aliona kwamba nimekua, na niliuacha mkono wake pale begani. Sikuweza kusema kweli. Kusema kweli kungekuwa kumwambia kwamba mwanawe hajui choo, bado tuko gatini, na Butiama haiko mbali.

Chumba cha akina mama na watoto kilikuwa na vitanda vya juu na chini na dirisha la duara. Mlangoni alisimama mhudumu wa kike mwenye sare, akihesabu vichwa. Nilimshika Bwire mkono hadi akagumia, nikangoja akaguliwe. Mhudumu aliuliza tu mdogo atalala na nani. Nami, kwa hofu, nikasema kwa sauti ya darasani, "Anajua kwenda chooni."

Alinitazama kama mtu aliyesalimiwa kwa salamu ya kilioni.

"Hongera zake," akasema, akaendelea kuhesabu.

Ndani mlikuwa mnanuka mkojo. Ningepaswa kuelewa hapo hapo. Kulikuwa na mtoto mchanga ambaye kitambaa chake kilikuwa kimening'inizwa dirishani kinatiririka, na mwingine wa umri wa Bwire kabisa alikuwa amesimama uchi katikati ya chumba, mama yake anamfuta miguu huku akiongea na mwenzake habari za bei ya mihogo. Akili ya mtoto ikishashika jambo haiachii. Sikuwaza kwamba sheria haipo. Niliwaza kwamba wanawake hawa wote wamevunja sheria na hawajui kinachowangoja, nikawahurumia, nikaamua tusikae karibu nao.

Meli ilipotoka, ilipita karibu na mawe. Ndege walikuwepo, safu kwa safu, na jiwe lote chini yao limepakwa kinyesi cheupe. Bwire aliyatazama kupitia lile dirisha la duara, akaona wingi wa watoto walioachwa, akaona na sababu. Alinikumbatia shingo, akabana mapaja, na hakuyaachia.

Nilimpeleka chooni mara tatu kabla ya mchana. Choo cha meli kilikuwa kijichumba cha chuma chenye sakafu iliyofurika, na chini ya tundu maji yalinguruma. Sikuweza kukaa chini kumpa miguu. Nilijaribu kuchuchumaa na kumpakata, nikapuliza hewa kupitia meno kama bibi, lakini meli ilikuwa inayumba, watu wanagonga mlango, na miguu yangu ilitetemeka kama ya mbuzi aliyezaliwa leo. Bwire alinitazama usoni. "Majivu," akasema. Nikamwambia majivu yamekwisha. Akatikisa kichwa. Mara ya tatu nilimfinya, nikamwambia akojoe sasa hivi, nahodha haoni. Alilia bila sauti, machozi tu, na hakukojoa.

Alikataa chai. Alikataa kiazi. Mama, ambaye alikuwa amekaa kitandani akisoma karatasi zake za mafunzo, alimgusa paji la uso na kuona jasho, akaanza kusema malaria, akanituma maji. Sikuleta. Nilijua kwamba maji ndiyo kitu cha mwisho anachohitaji mtoto yule, na nilisimama pale na kikombe kitupu kama askari aliyepoteza bunduki. Kwenye kitanda cha chini yetu kulikuwa na mama mmoja wa kijiji cha Murangi, mchuuzi wa dagaa, mwenye mikono iliyojaa harufu ya kazi yake. Aliomba ruhusa ya mwalimu, akamlaza Bwire, akambonyeza tumbo chini ya kitovu kwa vidole viwili. Bwire alipiga kelele ya kwanza tangu Musoma.

"Mwalimu, huyu hana malaria. Amejaa. Tangu lini hajakojoa?"

Mama alinigeukia. Wanawake wote wakanigeukia. Ndipo nilipoyamwaga yote, kwa mpangilio mbaya, nikilia: majivu, miguu, askari, choo kinachonguruma, ndege juu ya jiwe, na kwamba tafadhali nahodha asiambiwe mpaka tufike, maana tumebakiza kidogo tu. Sikumbuki kama kuna mtu aliyecheka. Nakumbuka mama alivua miwani.

"Hakuna sheria," akasema.

Nilimwambia ipo, yeye mwenyewe aliisema.

"Niliitunga, Nyangeta. Sabuni ilikuwa imekwisha. Nilichoka, na ungenisikiliza mimi? Nahodha ulimsikiliza."

Katika maisha yangu nimepewa habari mbaya kadhaa, nyingine zenye mihuri. Hakuna iliyonichukua muda mrefu namna ile kuielewa. Nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia kukasirika na mama alikuwa ameshamchukua Bwire, ameshatoka naye.

Hakwenda chooni. Alikwenda sitahani, penye watu, penye magunia na mikungu ya ndizi, akatafuta mahali penye upana wa mkeka, na akakaa chini juu ya mbao akiwa na gauni lake la safari. Akanyoosha miguu. Akamketisha Bwire juu ya vifundo, wakitazamana, akaweka mikono yake nyuma, akatulia. Sikuwa nimewahi kumwona mama amekaa hivyo. Nilitambua jinsi magoti yake yalivyolegea, nikajua nani alimketisha yeye namna hiyo, Butiama, kabla sijazaliwa. Lakini Bwire hakufungua. Alikuwa anatazama juu, kwenye vioo vya chumba cha nahodha.

Yule mama wa Murangi alikuwa ametufuata. Aliona anakotazama. Karibu nasi baharia mmoja mtu mzima alikuwa anakunja kamba, na mama yule alimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza kitu dukani, "Baba, mwambie huyu mtoto kwamba nahodha ameruhusu."

Baharia alimtazama Bwire, akamtazama mama, akaiona ile miguu iliyonyooshwa, na nafikiri alikuwa na bibi yake kama wetu mahali fulani. Aliweka kamba chini. Akasimama wima.

"Nahodha ameruhusu," akasema.

Mama hakupuliza hewa hata kidogo. Alikaa tu. Kisha ikasikika ile sauti, ndogo mwanzoni, halafu kama bomba la shule likifunguliwa, na ikaendelea, na ikaendelea, hadi watu waliokuwa wamejifanya hawaoni wakashindwa kujizuia, na mwanaume mmoja akainua gunia lake la mchele bila kuombwa. Mkojo wa kutwa nzima ulishuka juu ya viatu vyeusi vya mama, ukajaa ndani yake, ukamwagika, ukafuata mbao hadi ukingoni na kuanguka ziwani. Mama hakusogeza mguu. Alimtazama Bwire machoni mpaka tone la mwisho, na Bwire alipomaliza alilala palepale juu ya miguu, kama aliyezimwa.

Mafunzo yalianza kesho yake. Ngozi ile ilikuwa imekauka ikawa ngumu, yenye mistari myeupe kama ramani, na kwa wiki sita mama aliingia darasani kwa viatu vilivyolia kwa kila hatua. Alivitia mafuta, akavipaka mkaa, havikusamehe. Baba alipouliza baadaye, aliambiwa ni maji ya ziwa. Bwire, kwa upande wake, aliamka asubuhi ya kwanza Mwanza, akaliona godoro la mama mdogo, na akalilowanisha kwa utulivu wake wote wa zamani, maana sasa alikuwa na ruhusa. Barafu za rangi sikupewa. Nilishinda wiki sita nimekaa juu ya sakafu ya watu, miguu nimenyoosha, karibu na ngazi ambazo sikuwa na muda wa kuzipanda.

Miaka michache baadaye bidhaa zilirudi madukani, sabuni za kila harufu, na poti za plastiki nyekundu na bluu zikatundikwa kwenye milango ya maduka ya Musoma kama mapambo ya sikukuu. Nilikuwa nazipita nikienda shule na kuzikasirikia moja moja.

Wiki hii, baada ya simu ya Bwire, nilikwenda Kamunyonge kumwona mama. Ni mzee sasa, anatembea kwa kushika kuta, lakini sauti yake ya ualimu haijazeeka. Nilimwuliza kama anakumbuka sheria aliyoitunga.

"Sikutunga," akasema. "Ilikuwepo. Ilibandikwa mlangoni."

Nilimkumbusha mhudumu, mtoto aliye uchi, maneno yake mwenyewe kitandani. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa subira ya mtu anayesikiliza jibu lisilo sahihi, kisha akaniambia kwamba nilikuwa mdogo, wadogo hawasomagi matangazo. Nilitoka nje nikapumua. Nilipata wazo kwamba ningeitafuta ile sheria popote ilipo nimletee, na ndipo nikakumbuka kwamba ninayo, iko kwenye simu yangu, imeandikwa, imekuja imechelewa miaka arobaini.

Jioni nilimpigia Bwire. Nilianza kwa jambo nililokuwa sijawahi kumwambia, kwamba ile habari ya ndege ilikuwa yangu, si ya mama wala ya nahodha. Alisema hakumbuki meli, hakumbuki majivu, ila ni kweli tangu utoto hawapendi mnandi, na mke wake amekuwa akimcheka kwa hilo bila kujua sababu. Sikuomba msamaha vizuri. Nilisema tu kwamba nilikuwa na miaka tisa na alikuwa ameliharibu gauni langu. Akasema hayo yamepita, yeye ana wiki mbili na siku nne, afanyeje, na akikataa humo humo melini, afanyeje.

"Kaa chini," nikamwambia. "Nyoosha miguu. Umkalishe juu yake mtazamane, na usiwe na haraka hata kama una haraka."

"Kwenye meli ya watu, dada?"

"Kwenye meli ya watu. Ila vua viatu kwanza."